Gari, Neno na Mwili: Sanaa ya Matatu katika Njia ya Nakuru na Mau Narok

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anapokabidhiwa kanga hana shaka kwamba ameshika matini. Huyasoma maneno yaliyo ukingoni, huyalinganisha na methali na mafumbo, huuliza ni nani aliyeivaa na ni nani aliyekusudiwa kuisoma. Mhakiki huyo huyo anapokabiliana na matatu, mambo hubadilika. Aghalabu huorodhesha maneno yaliyoandikwa ubavuni na kiooni, akayatoa kwenye bati kama mtu ang'oaye misumari, kisha akayachambua kana kwamba yaliandikwa daftarini. Rangi huachwa. Muziki huachwa. Abiria, ambaye ndiye sababu ya gari lenyewe kuwako, huachwa kabisa.

Makala haya yanashikilia kwamba sanaa ya matatu ni sanaa ya mseto kwa maana kamili ya neno hilo: bati, rangi, neno, sauti, mzigo na mwili wa binadamu huunda kazi moja, na hakuna kimojawapo kinachoweza kuondolewa pasipo kuiharibu. Yanashikilia pia kwamba mwili huo haukuingia katika sanaa hii ukiwa mtupu. Katika Bonde la Ufa msafiri amekuwa akiandikwa na kusomwa na wenye mamlaka tangu kabla ya matatu ya kwanza kupita, na sanaa iliyozuka katika vyombo vya usafiri haieleweki vyema bila historia hiyo. Ndiyo sababu mfano uliochaguliwa hapa si barabara za Nairobi, ambazo zimekwisha kupata watafiti wake, hususan Mbugua wa Mungai (2013) na Kenda Mutongi (2017), bali ni njia ipandayo kutoka Nakuru, kupitia Njoro, hadi Mau Narok.

Njia na kipande

Mau Narok iko mgongoni mwa safu ya Mau, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya ngano na shayiri, viazi na njegere, baridi na ukungu. Mvua ikishika, udongo wake hunasa magurudumu. Neno narok katika Kimaasai lina maana ya weusi. Jina ni la Kimaasai, na namna ardhi ilivyowatoka waliolitoa jina hilo imeleta mabishano hadi karne hii.

Kisa hicho chenyewe ni kisa cha safari. Kwa mkataba wa 1904 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamaasai katika nyanda za Bonde la Ufa, na sehemu yao ikapelekwa Laikipia. Kwa mkataba wa pili, wa 1911, hao wa Laikipia waliamriwa kuhamia kusini. Makundi kadhaa yalipitishwa juu ya Mau pamoja na mifugo yao. Mvua, baridi na msongamano viliwakuta huko juu. Mifugo wengi wakafa, watu pia wakafa, na serikali ikalazimika kuusitisha msafara. Uhamisho ulikuja kukamilika mwaka 1913, mwaka ule ule ambao kesi iliyohusishwa na kiongozi wao Parsaloi Ole Gilisho ilitupwa na mahakama. Kwa hiyo kabla ya kuwa njia ya viazi, Mau ilikuwa njia ya watu waliohamishwa kwa amri, na jambo hili lafaa likumbukwe kila inapodaiwa kwamba historia ya usafiri katika Kenya inaanzia kwenye reli.

Reli, hata hivyo, ndiyo iliyouzaa mji wa Nakuru. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, vyuma vikafika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwishoni mwa 1901. Stesheni ilikuwa mahali pa kwanza katika eneo hili ambapo wageni wasiojuana walikusanyika kwa sababu moja tu, nayo ni kungojea. Walingojea kwa matabaka, bila shaka: daraja la kwanza, la pili na la tatu zilikuwa namna ya kuitaja rangi ya mtu bila kuitaja. Waafrika wengi walioshuka Nakuru na Njoro walikuwa vibarua waliokuwa wakielekea katika mashamba ya walowezi. Kuanzia mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka kumi na sita na zaidi alitakiwa kuwa na kipande, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 1915. Ilikuwa karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake na maoni ya mwajiri wake. Iliwekwa ndani ya kikopo cha chuma kilichotundikwa shingoni kwa kamba.

Kipande ni maandishi yaliyovikwa mwili wa msafiri. Mvaaji hakuyatunga, na mara nyingi hakuweza kuyasoma. Aliyeyasoma alikuwa askari barabarani au karani shambani. Wahakiki wamekitaja kipande kama dhamira katika riwaya na tamthilia za kupinga ukoloni, nao wamefanya vyema. Lakini kipande si dhamira tu. Ni fani: chuma, kamba, karatasi, wino wa kidole na shingo ya mtu. Mwanafunzi wa sanaa ya mseto katika nchi hii hawezi kuomba mfano wa awali ulio dhahiri, na wa kuchukiza, kuliko huo.

Tatu

Jina la matatu limetokana na Kikikuyu. Nauli ya mwanzo ilikuwa sarafu tatu za senti kumi kumi, yaani senti thelathini, na gari likaitwa kwa bei yake. Magari hayo yalianza kuonekana kabla kidogo ya uhuru, yakaongezeka katika miaka ya sitini. Yalikuwa mitumba ya kila aina iliyookolewa na mafundi na kurudishwa barabarani bila leseni. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu yabebe abiria bila leseni maalumu. Mwaka 1984 sheria ya trafiki ilirekebishwa, matatu zikatambuliwa rasmi kuwa magari ya abiria na kutakiwa kukaguliwa na kusajiliwa. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka kumi na mmoja ya chombo kilichoruhusiwa bila kutambuliwa, na sanaa yake inabeba alama ya hali hiyo. Ni sanaa ya mtu aliyefunguliwa mlango lakini hajapewa kiti.

Kuna sadfa moja ya majina ambayo haijapewa uzito unaostahili. Mwaka 1968 wasanii watatu, Yony Waite, Robin Anderson na David Hart, walifungua nyumba ya maonyesho jijini Nairobi, wakaiita Gallery Watatu kwa sababu walikuwa watatu. Kwa hiyo katika muongo mmoja neno moja la hesabu lilizaa majina mawili. Ngeli ilitofautiana: watatu ni watu, matatu ni sarafu. Huko ndani zilitundikwa picha zilizokuwa na bei na jina la mchoraji. Huko nje zilipita picha ambazo mchoraji wake hakujulikana ila kwa fundi mwenzake, na ambazo mtazamaji hakulipia kuziona, alilipia kupanda. Haikuwa mpaka usiovukika. Tangu 1985, chini ya uongozi wa Ruth Schaffner, Gallery Watatu iliwapokea wachoraji wasiopitia vyuo, miongoni mwao Sane Wadu, mwalimu wa zamani ambaye baadaye alifanya makao yake Naivasha. Lakini mchoraji alilazimika kuvuka kwa miguu yake mwenyewe. Gari lake halikualikwa.

Katika fasihi andishi mlango ulifunguliwa na Ngũgĩ wa Thiong'o. Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya aliyoiandika gerezani Kamiti mwaka 1978, ikachapishwa 1980, na ikatoka kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani mwaka 1982, inaitumia matatu kama ukumbi wa masimulizi. Abiria watano na dereva wao, Mwaũra, wanasafiri usiku kutoka Nairobi kwenda Ilmorog katika gari kuukuu. Hawajuani. Mmoja wao, Wangarĩ, hana nauli, na suala la nani amlipie ndilo linalovifungua vinywa. Wahakiki wengi wameisoma safari hiyo kama fumbo la taifa, na usomaji huo hauna kosa. Ila fumbo limefaulu kwa sababu ya jambo la kawaida sana ambalo mwandishi aliliona: ndani ya matatu mtu haulizwi jina. Anaulizwa anashukia wapi. Abiria ni mtu aliyevuliwa kipande.

Mwili kama ukurasa

Hapa kanga inarudi. Inajulikana kwamba kanga za Mombasa zenye maneno zimehusishwa kwa muda mrefu na duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa 1887, ambalo vitambaa vyake hubeba alama ya Mali ya Abdulla. Nguo hiyo, ambayo pwani ya Kenya na bara pia huitwa leso, ilipanda na reli na kuenea hadi mashambani. Huko Mau Narok leso haivaliwi kwa mtindo wa Lamu. Hufungwa juu ya sweta, hubebea mtoto mgongoni, huzibia upepo, hutandikwa juu ya gunia ili mtu akalie. Maneno yake hujikunja, hufunikwa, husomeka nusu. Waliozoea kuchambua kanga kama shairi la mstari mmoja huenda wakasema kwamba hapo matini imekufa. Kinyume chake, hapo ndipo inapoonekana kwamba matini ya kanga haijawahi kujitegemea. Ilihitaji bega, na mtu wa kulitazama bega hilo.

Matatu nayo iko hivyo hivyo. Maneno ya ubavuni yameandikwa ili yapite. Msomaji wake amesimama. Kinachosogea ni ukurasa. Anayo nafasi ya kusoma neno moja au mawili, kisha vumbi. Hali hii ndiyo iliyoamua fani: ufupi, herufi nene, rangi zinazogombana, majina ambayo mtu anayajua tayari kabla ya kuyamaliza. Miaka ya tisini, wakati mabasi madogo yaliyoitwa manyanga yalipotawala mitaa ya Nairobi, majina hayo yalikuwa ya wanamuziki wa Marekani na Jamaika, timu za mpira na filamu. Wahakiki wa wakati ule waliyaona kuwa ni uigaji mtupu. Lawama hiyo ina ukweli. Baadhi ya picha zilikuwa nakala za majalada ya kanda, na picha za wanawake hasa zilichorwa kwa jicho la makanga na si la abiria wa kike aliyelazimika kupita chini yake akiingia. Lakini lawama hiyo haikuuliza jina la Mmarekani lilikuwa limechukua nafasi ya jina gani. Katika nchi ambayo jina la ukoo hutosha kumtambulisha mtu kabila lake na, katika miaka fulani, kumtia hatarini, jina lisilokuwa la mtu yeyote wa hapa ni kimbilio. Gari lililoitwa kwa jina la mchezaji wa Chicago lilikuwa la wote kwa sababu halikuwa la yeyote.

Sauti haikuwa na kinga hiyo. Muziki uliimbwa kwa lugha fulani, na lugha ina wenyewe. Mwaka 1990, mwaka wa Saba Saba, kanda za nyimbo zilizolalamikia kubomolewa kwa makazi ya Muoroto jijini Nairobi zilichezwa ndani ya matatu, na polisi wakawakamata waliozichuuza. Tukio hilo laonyesha kwamba dola ilikuwa imeelewa jambo ambalo wahakiki walichelewa kulielewa: kwamba matatu ni chombo cha habari, na kwamba abiria aliyebanwa kitini hawezi kukifunga.

Ama kuhusu njia ya Mau Narok, mapambo haya yalifika yakiwa yamechoka. Ni desturi ya magari ya abiria katika Kenya kuanzia maisha mjini na kuyamalizia mashambani. Peugeot 404 na 504, pikapu zilizofunikwa turubai, kisha Nissan za viti kumi na vinne: kila kizazi kimepanda Mau kikiwa na rangi iliyobanduka, herufi zilizopungua, kioo kilichopasuka na kuzibwa kwa kibandiko. Juu ya hayo hujipaka tope. Juu ya paa huwekwa magunia ya viazi yaliyojazwa kupita mdomo na kushonewa kofia ya kamba na majani, kuku ndani ya kapu, godoro, mlango mpya wa mbao unaopelekwa nyumba mpya. Mtu anayesimama kando ya barabara karibu na Njoro haoni mchoro wa fundi wa Nairobi. Anaona kazi iliyoendelezwa na watu wengi wasiokutana: aliyechora, aliyekwaruza, aliyeziba, aliyepakia, na wale waliokaa ndani, nyuso zao nyuma ya kioo chenye jasho. Utafiti unaoishia kwenye gari jipya unaisoma rasimu ya kwanza tu.

Picha ya dereva

Tarehe 1 Februari 2004 kanuni zilizotangazwa mwaka uliotangulia na Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilianza kutekelezwa. Matatu ziliwekewa vidhibiti mwendo ili zisizidi kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kikafungwa mkanda. Kusimama ndani kukapigwa marufuku. Madereva wakavaa samawati nzito, makanga wakavaa rangi ya damu ya mzee. Michoro ikafutwa, na kila gari likapigwa mstari mmoja wa manjano ubavuni, wenye maandishi ya njia linayopita na idadi ya abiria linaowabeba.

Si haki kuzitaja kanuni hizo kama ushenzi dhidi ya sanaa. Watu walikuwa wakifa barabarani, na barabara ya Nakuru ilikuwa na jina baya kuliko nyingi. Abiria wa Mau Narok aliyezoea kukaa watano mahali pa watatu, mtoto wa mtu asiyemjua akiwa mapajani, alipewa kiti kizima kwa mara ya kwanza, japo alipandishiwa nauli kukilipia. Mhakiki anayezililia rangi bila kuwakumbuka maiti anastahili kupuuzwa.

Lakini la kufutwa kwa michoro halikuhusiana na mwendo wa gari, na hapo ndipo swali la kihakiki linapozaliwa. Pamoja na mengine, kanuni zilimtaka dereva aibandike picha yake ya karibuni mahali pa kuonekana na abiria. Kwa hiyo picha zote ziliondolewa isipokuwa moja, na hiyo moja ni ile ambayo sheria iliilazimisha: sura ya mtu, imekabili kamera, haina tabasamu, iko pale ili atambulike akikosa. Gari zima liligeuzwa kikopo cha chuma chenye hati ndani yake. Kwa mtu aliyeijua historia ya kipande, mstari wa manjano haukuwa rangi tu.

Mafundi hawakuacha kazi. Waliingia ndani, wakapamba dari, wakashona viti kwa nyuzi za rangi, wakaficha jina kwenye kona ya kioo ambapo askari angeweza kujifanya hakuliona. Sanaa ya nje ikawa sanaa ya ndani, na kwa mara ya kwanza mtazamaji wake mkuu akawa abiria aliyelipa, si mpita njia. Mabadiliko hayo ya hadhira hayajachunguzwa vya kutosha katika uhakiki, ingawa ni makubwa kama yale ya ngano iliyotoka barazani ikaingia kitabuni.

Kitambulisho

Januari 2008, baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 kupingwa, mapigano yaliyokuwa yameanzia kwingineko yalifika Nakuru na Naivasha katika wiki ya mwisho ya mwezi. Njia za Njoro, Likia na Mau Narok zilikwisha kuijua hali hiyo. Eneo la Njoro liliona damu Januari 1998, na Tume ya Akiwumi ililichunguza. Safari hii waliokufa kote nchini walizidi 1,100. Vizuizi viliwekwa barabarani. Magari yalisimamishwa, na waliosafiri wakatakiwa kutoa vitambulisho au kujibu swali kwa lugha fulani.

Sifa ile ambayo riwaya ya Ngũgĩ iliijenga juu yake, kwamba ndani ya matatu mtu haulizwi jina, iliishia hapo. Jina la msanii wa Marekani lililokuwa ubavuni halikumlinda aliyekuwa ndani. Wenye vizuizi hawakusoma gari. Walisoma karatasi, na walipokosa karatasi walisoma matamshi. Ilikuwa kazi ile ile ya askari wa kipande, ikifanywa sasa na vijana wenye mapanga.

Picha nyingi zilizopigwa katika majuma hayo zinaonyesha malori yaliyopakia vitanda, mabati, milango, sufuria na watoto, yakiwaelekea wakimbizi wenzao katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru. Ukitazama kwa jicho la fani tu, mzigo huo hauna tofauti na ule wa siku ya soko ulioelezwa hapo juu. Haifai kuuita sanaa. Lakini ufanano wenyewe ni ushahidi: mlango wa mbao juu ya paa la gari unaweza kuwa nyumba inayoanza au nyumba iliyong'olewa, na lugha ya kuitofautisha picha moja na nyingine haimo ndani ya picha.

Mwitikio wa wasanii ulikuja kutoka pande kadhaa. Kibera, ambako vijana waling'oa reli na hivyo kukata uchukuzi wa kwenda Nakuru na hadi Uganda, Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo 7, aliandika wito wa amani kwa rangi juu ya kuta na mabati. Boniface Mwangi alizichukua picha za ghasia na kuzitembeza katika miji kwa maonyesho ya Picha Mtaani, zikatazamwa mahali pa wazi na watu waliopita kwa shughuli zao. Kisha, katika miezi iliyotangulia uchaguzi wa Machi 2013, kikundi cha wachoraji wa kuta, akiwemo Swift9 na Mmarekani Joel Bergner, kilipewa ruhusa na shirika la Rift Valley Railways kuyachora mabehewa ya treni ya abiria inayopita Kibera. Treni iliyopita juu ya vyuma vilivyokuwa vimeng'olewa ikabeba sura za watu. Uchoraji huo ulikuwa na upungufu wake, kwani picha ya amani iliyoombewa kibali huwa na unyoofu unaochosha. Hata hivyo mahali palichaguliwa sawasawa. Reli ndiyo iliyoanza kuwapanga wasafiri kwa matabaka, na sasa ubavu wake ukatolewa kwa wale iliowapanga.

Kuandika kinyume

Msanii ambaye kazi yake inaikusanya historia hii kwa ukamilifu zaidi ni Dennis Muraguri, mzaliwa wa Naivasha, 1980. Alisomea Buruburu na kufanya kazi kwa miaka mingi katika karakana za Kuona jijini Nairobi, taasisi iliyoanzishwa 1995. Alianza akijulikana kwa sanamu za mseto za mbao, ngozi na vyuma vilivyookotwa. Baadaye akajulikana zaidi kwa chapa kubwa za mbao zinazoonyesha matatu, gari likiwa limejaza karatasi, makanga mlangoni, jiji likisukumwa pembezoni.

Inasemwa mara kwa mara kwamba Muraguri anaihifadhi sanaa ya matatu. Neno kuhifadhi halitoshi. Mtu anayechonga chapa hulazimika kuyachonga maandishi yakiwa yamegeuka, kulia kwenda kushoto, ili yakichapwa yasomeke. Kila jina lililoandikwa kwa brashi na fundi wa gereji kwa muda wa saa moja, hapa linaandikwa upya polepole, kwa patasi, kinyume. Rangi nazo huingia moja moja, kila moja kwa zamu yake. Kasi, ambayo ndiyo roho ya maandishi ya matatu, imeondolewa katika utengenezaji na kubakizwa katika sura. Huo si uhifadhi. Ni tafsiri, pamoja na hasara na faida zote za tafsiri. Hasara ni kwamba gari la Muraguri haliwezi kuchafuka. Tope la Mau halitalifika, wala hakuna mwanamke atakayeegemeza gunia lake juu ya herufi zake. Faida ni kwamba chapa ina nakala. Gari moja lililokwisha kukatwakatwa na kuuzwa kwa uzani laweza kuning'inia katika nyumba nyingi zisizojuana, hali ambayo haiko mbali na ile ya abiria wake wa zamani. Na tazama ilivyotokea: matatu iliyoachwa nje ya Gallery Watatu sasa imeingia katika nyumba za maonyesho, ila imeingia bila abiria wa kulipa.

Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuunga mkono sanaa ya vijana kwenye matatu, na michoro ikarudi barabarani. Nairobi ikapata nganya, magari yenye televisheni, taa na picha zilizochorwa kwa gharama kubwa. Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, inayo ya kwake katika njia za mitaani. Ya kupanda Mau ni machache. Katika njia nyingi za mashambani abiria wamehamia kwenye Toyota Probox, gari dogo lililotengenezwa kuwa la mizigo, ambalo ubavu wake haumwachii mchoraji nafasi kubwa. Anayetaka kujua sanaa ya mseto ilikokwenda itambidi atazame yaliyo ndani na yaliyo juu: leso iliyofungwa juu ya sweta, kibandiko kimoja kwenye kioo cha nyuma, magunia, na abiria waliobanana kuliko sheria inavyoruhusu, ambao kila mmoja wao, akiisha kuingia, anaulizwa anashukia wapi.